Ndugu yako anaomba hifadhi ughaibuni kwa sababu ya ugonjwa wa akili: ushahidi unaokusanywa Mwanza

Mtu wa Mwanza mwenye ugonjwa wa akili akiomba hifadhi Marekani, Uingereza au Kanada, kesi husikilizwa huko lakini ushahidi uko huku. Uko kwenye faili la hospitali, kwenye daftari la kliniki lililosahaulika ndani ya sanduku, kwenye kitabu cha matukio cha polisi, na kwenye vichwa vya watu waliokuwepo siku alipofungwa kamba. Mwongozo huu ni wa ndugu aliyebaki nyumbani, akapigiwa simu na kuambiwa tu kwamba "wakili anataka barua". Tunafuata zaidi utaratibu wa Marekani, kisha tunagusa Uingereza na Kanada kwa kifupi.

Anachotafuta hakimu

Kuumwa peke yake hakumpi mtu hifadhi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unataja sababu tano za kuandamwa: asili au rangi, dini, uraia, kuwa katika kundi fulani la kijamii, na maoni ya kisiasa. Ugonjwa wa akili huingilia mlango wa nne, wa kundi la kijamii. Akishaingia hapo, mwombaji anatakiwa aonyeshe kwamba alitendewa ubaya mkubwa au ana hofu yenye msingi kwamba atatendewa. Kwamba waliomtendea ni serikali, au ni watu ambao serikali haitaki au haiwezi kuwazuia. Kwamba walifanya hivyo kwa sababu ya ugonjwa wake. Na kwamba hawezi kuhamia mkoa mwingine akaishi salama.

Hayo maneno "kwa sababu ya ugonjwa wake" ndiyo yanayoangusha kesi nyingi. Januari 2014, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nne huko Virginia (mizunguko ni kanda za mahakama za rufaa za Marekani) iliamua kesi ya Mtanzania mwenye baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, aliyekuwa amekataliwa hifadhi. Mahakama ilikubali kwamba watu wenye baipola ambao mwenendo wao unaonekana wazi kuwa wa kiugonjwa ni kundi la kijamii linalotambulika, ikatengua uamuzi wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji. Kilichobeba uzito mkubwa katika ushahidi wake ni maneno: waliomfunga na kumpiga walimwambia waziwazi kwamba ndivyo wagonjwa wa akili wanavyotendewa. Kipigo kilikuwa na sababu, na sababu ilitamkwa na mpigaji mwenyewe. Mwombe wakili wa ndugu yako aiangalie hukumu hiyo, hata kama kesi yake iko katika jimbo lililo nje ya mzunguko huo. Nje ya mzunguko haimfungi hakimu, lakini inahusu nchi yetu moja kwa moja.

Linganisha na kesi ya mwaka 2003 katika Mzunguko wa Nane, ambako kundi la "wanawake wagonjwa wa akili wa Jamaika" lilikataliwa. Neno "wagonjwa wa akili" linabeba mengi mno, kuanzia mwenye sonona ambayo hakuna jirani anayeiona hadi anayetembea uchi sokoni. Kwa hiyo ushahidi wenu uwe na ugonjwa uliotajwa kwa jina, na dalili ambazo mtu baki wa Kirumba au Igoma angeziona na kusema, "huyu kichaa".

Hoja inayotangulizwa na familia nyingi, kwamba huku hakuna dawa, ni dhaifu ikisimama peke yake. Uhaba wa dawa na wodi kujaa huhesabiwa kuwa umaskini wa huduma, kwani hakuna aliyekusudia kumuumiza mgonjwa. Hoja hiyo hupata nguvu ikiwekwa kwenye mnyororo: dawa fulani haipatikani kwa uhakika, bila dawa dalili zinarudi ndani ya muda fulani, dalili zikirudi zinaonekana, na zikionekana watu wanafanya kile walichokwisha kumfanyia. Kila pete ya mnyororo huo inahitaji karatasi yake.

Familia inapewa kazi hii kwa sababu yenye mizizi katika taratibu za kimataifa. Kitabu cha Mwongozo cha UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, aya ya 206 hadi 212, kinazungumzia waombaji wenye matatizo ya akili, na kinamtaka mwamuzi asitegemee maelezo ya mgonjwa peke yake bali atafute taarifa kwa ndugu, marafiki na watu waliomjua. Marekani, uamuzi wa Bodi ya Rufaa wa mwaka 2015 unamruhusu hakimu kukubali kwamba hofu ya mgonjwa ni ya kweli moyoni mwake hata kama maelezo yake yanagongana, kisha apime kama nje ya kichwa chake kuna msingi wa hofu hiyo. Msingi huo mnautoa ninyi.

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote

Usianzie hospitali. Mwombe wakili akutumie kwanza barua ya idhini iliyosainiwa na mgonjwa mwenyewe, ikitaja jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, majina ya hospitali na miaka aliyotibiwa, na jina lako kamili kama mtu anayeruhusiwa kupokea nyaraka. Iambatane na nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo mtunza kumbukumbu akikukatalia bila idhini, yuko ndani ya haki yake. Wala kugombana naye hakutalifungua kabati.

Neno "hifadhi" libaki ndani ya nyumba. Ukifika ofisi ya mtaa au hospitali, inatosha kusema, na ni kweli, kwamba mwenyewe anahitaji kumbukumbu zake za matibabu. Kanuni za Marekani zinawakataza maofisa wao kuifichulia serikali ya nchi ya mwombaji kwamba ameomba hifadhi. Siri hizi mara nyingi huvujia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, anapotokea mjomba mmoja akaandika "tumwombee kijana wetu kesi yake iende vizuri".

Na achana na vishoka. Barua ya hospitali iliyotengenezwa kwenye duka la steshenari na mhuri uliochongwa jana inaweza kuua hata kesi ya kweli. Marekani ikithibitika kwamba mwombaji, akiwa ameshaonywa, aliwasilisha ombi lenye uongo wa makusudi kwenye jambo la msingi, anafungiwa manufaa ya uhamiaji maisha yake yote. Nyaraka huweza kuhakikiwa kwa kupigiwa simu taasisi iliyozitoa.

Faili la hospitali

Orodhesha kila alikotibiwa, hata kwa siku moja: zahanati ya kata, kituo cha afya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure, Hospitali ya Kanda Bugando, na kama alihamishwa, Mirembe kule Dodoma. Kama alipelekwa Dodoma kwa amri ya mahakama, ulizia Isanga, taasisi ya wagonjwa wenye kesi za jinai. Wengi hutafuta faili Mirembe, wakaambiwa halipo, wakaishia hapo.

Nyumbani tafuta daftari. Mgonjwa wa nje wa kwetu aghalabu hununua daftari la shule ambamo daktari huandika vipimo na dawa, na daftari hilo hurudi naye nyumbani. Ndilo rekodi pekee la miaka kadhaa ya matibabu, na ndilo linalowashiwa moto wa jiko pale mgonjwa anapoondoka. Tafuta pia kadi za kliniki, vyeti vya dawa, stakabadhi za malipo na kadi ya bima. Piga picha kila ukurasa, pamoja na jalada na kurasa zilizochanika. Usichague "kurasa nzuri" tu, maana mapengo yataulizwa.

Hospitalini peleka barua ya maombi, nakala ya idhini, kitambulisho chako cha NIDA, na namba ya faili kama inajulikana. Namba ikikosekana, toa jina kwa namna zote lilivyowahi kuandikwa, mwaka, na wodi. Omba nakala za vitu vitatu: maelezo ya daktari ya kila siku ya kulazwa, muhtasari wa kuruhusiwa, na kumbukumbu za wauguzi. Hizi za wauguzi husahaulika, nazo ndizo huandikwa kwamba mgonjwa alifungwa kitandani saa fulani hadi saa fulani, au alichomwa sindano kwa nguvu.

Kisha omba barua ya daktari, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Barua ya mistari minne inayoanza "Kwa yeyote anayehusika" na kusema "ni mgonjwa wetu wa siku nyingi" haimsaidii mtu. Mpelekee daktari hoja kwa maandishi, kwa adabu, maana ana foleni nje ya mlango. Mwombe ataje jina lake, sifa zake na namba yake ya usajili, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona mgonjwa, ugonjwa pamoja na namba yake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10 (F20 ni skizofrenia, F31 baipola, F43.1 ni msongo unaofuata tukio la kutisha), dalili zilizoonekana, dawa na vipimo vyake, kwa mfano haloperidoli miligramu ngapi mara ngapi kwa siku, kilichotokea kila alipoacha dawa na baada ya muda gani, majeraha aliyofika nayo na maelezo ya aliyemleta, na kwa maoni yake, hali ikoje bila matibabu. Asilazimishwe kuandika "akirudi atauawa". Hilo halijui, na sentensi moja ya kutia chumvi humpa wakili wa serikali pa kushika barua nzima.

Kama huko aliko ndugu yako anatumia dawa inayotaka vipimo vya damu, mwombe daktari aeleze pia hali ya vipimo hivyo huku. Lithiamu ikizidi kwenye damu ni sumu na ikipungua haifanyi kazi, kwa hiyo kiwango chake hupimwa mara kwa mara. Klozapini hutaka kuhesabu chembe nyeupe za damu. Swali la nani anapima, wapi, kila baada ya muda gani na kwa gharama gani, linaongeza pete moja kwenye ule mnyororo.

Majina yanayogongana ni tatizo la kawaida kabisa. Pasipoti inasema Emmanuel Masanja, faili linasema Masanja Emanuel, daftari linasema Ema, na mwaka wa kuzaliwa umepishana kwa miaka mitatu. Usimwombe mtu arekebishe rekodi ya zamani, kwa sababu rekodi iliyofutwa na kuandikwa upya inanuka. Acha kama ilivyo, kisha mzazi au kaka mkubwa aape kiapo cha majina kinachoeleza kwamba wote hao ni mtu mmoja na kwa nini yaliandikwa hivyo.

Viapo vya mashahidi

Hili ndilo eneo gumu, na ugumu wake ni aibu. Mara nyingi waliomfunga mgonjwa minyororo ni baba na kaka zake. Waliompeleka kwa mganga akakaa miezi akichanjwa na kufukizwa ni shangazi zake. Wakiombwa kuandika, wanaandika kwamba "tulimhudumia kwa upendo". Inawezekana ni kweli kabisa, na inawezekana upendo huohuo ulimfunga kwenye mwembe. Mahakama inahitaji kusikia habari za mwembe.

Waelezeni wazee kwamba nia njema haiufuti ukweli wa tendo. Mwaka 1997 Mahakama ya Mzunguko wa Tisa, katika kesi ya mwanamke wa Urusi aliyetishiwa kulazwa kwa nguvu wodi ya wagonjwa wa akili, ilisema kwamba nia ya "kutibu" haizuii kitendo kuwa mateso. Hata hivyo, anayekiri kwa maandishi kwamba alimfunga mtu minyororo anakiri jambo linaloweza kuwa kosa hapa nchini. Aongee kwanza na wakili wa hapa. Pengine ushahidi huohuo unaweza kutolewa na jirani aliyeona, au na mpangaji aliyekuwa akisikia mnyororo ukikokotwa usiku.

Mashahidi wanne au watano wanatosha: mmoja wa familia, mmoja asiye ndugu, mmoja aliyeona tukio kubwa, na kiongozi wa dini au mwalimu aliyemjua kabla hajaugua. Kila mmoja aandike peke yake, kabla hajasoma maelezo ya mgonjwa wala ya mwenzake. Barua tano zenye sentensi zilezile hakimu huziona mara moja, na badala ya kuwa na mashahidi watano mnabaki na mwandishi mmoja.

Kiapo kiwe kurasa mbili au tatu, kwa nafsi ya kwanza, na kibebe mambo aliyoyaona au kuyasikia shahidi mwenyewe. Sentensi kama "Mdogo wangu aliteseka sana kwa sababu jamii haikumkubali" haina kazi. Sentensi za aina hii ndizo zenye kazi:

"Mnamo Novemba 2018, kama miezi miwili baada ya MV Nyerere kuzama, nilimkuta karibu na stendi ya Buhongwa amefungwa mikono nyuma kwa kamba ya manila. Vijana kama saba walikuwa wanampiga kwa fimbo. Nilisimama kama hatua kumi kutoka kwake. Mmoja alisema, 'Vichaa dawa yao ni hii.' Askari wawili walifika, wakatazama, wakaondoka bila kumchukua yeye wala waliompiga."

Mna mahali, chombo, idadi, umbali, maneno ya mpigaji na alichofanya askari. Hayo mawili ya mwisho yakikosekana, hakimu anaweza kusema alipigwa kama mwizi, au kwamba angeomba msaada angelindwa.

Tarehe zinawasumbua wazee. Msiwalazimishe kubuni, wasaidieni kukumbuka kwa matukio yanayofahamika ziwani: kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996, kifo cha Mwalimu, 14 Oktoba 1999, MV Nyerere, 20 Septemba 2018, kifo cha Rais Magufuli, 17 Machi 2021, ndege iliyoanguka ziwani Bukoba, 6 Novemba 2022. Shahidi aseme "ilikuwa kabla ya hapo, wakati wa mavuno", na ibaki hivyo. Tarehe kamili iliyobuniwa ikija kugongana na faili la hospitali, inamharibia shahidi hata yale aliyoyasema kweli.

Kiapo kiandikwe kwa lugha anayoizungumza anayeapa. Mawakili wengi bado wana mkono mwepesi wa kuandika viapo kwa Kiingereza. Bibi wa Magu asiyejua Kiingereza anaweka dole gumba, na Marekani wakili wa serikali anauliza aliyasomaje hayo aliyoyaapia. Iandikwe kwa Kiswahili. Kama anajua Kisukuma tu, mwishoni iandikwe kwamba alisomewa na kufafanuliwa na fulani kwa Kisukuma, akakubali, ndipo akaweka dole mbele ya kamishna wa viapo. Jina, saini, mahali, tarehe na mhuri wa kamishna vionekane vizuri. Ambatisha nakala ya kitambulisho cha shahidi na namba yake ya simu.

Tafsiri ya Kiingereza iwe karatasi ya pembeni. Mahakama za uhamiaji za Marekani zinataka mfasiri athibitishe kwa saini kwamba anazijua lugha hizo na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi. Haihitaji kampuni wala mhuri, lakini asiwe mwombaji mwenyewe wala ndugu wa karibu. Maneno ya matusi yabaki kwenye tafsiri kama yalivyotamkwa. Mfasiri mpole anayegeuza "mwehu" kuwa "mtu mwenye changamoto" ameondoa ushahidi.

Polisi, mtaa na magazeti

Kama aliwahi kupigwa akatibiwa, huenda kulikuwa na PF3. Tafuta nakala hospitalini, na namba ya RB kituoni. Kama aliwekwa mahabusu, tafuta hati ya mashtaka na tarehe za kuingia na kutoka, ikiwemo Butimba kama alifika huko. Kujaribu kujiua ni kosa chini ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Mgonjwa aliyeokolewa ziwani kisha akafunguliwa jalada la polisi ana karatasi inayoonyesha namna dola ilivyomshughulikia. Ila usiende kituoni kabla wakili wa huko hajasema ni salama, na usiende kabisa kama anayemwogopa ni askari wa kituo hicho.

Barua ya mwenyekiti wa mtaa ina thamani ndogo ikisema tu kwamba familia inajulikana. Inapata thamani ikisema kesi ilifikishwa kwake lini, na alifanya nini au alishindwa nini. Vijijini Misungwi, Kwimba na Magu, ulizia kama sungusungu walihusika. Waliomkamata wakiwa na uhusiano na uongozi wa kijiji, swali la "serikali haikuwazuia" linapata jibu tofauti.

Kwenye magazeti, usitume lundo. Habari mbili au tatu za mgonjwa wa akili aliyeuawa na wale ambao waandishi wetu huwaita "wananchi wenye hasira kali" zinatosha, kila moja ikiwa na ukurasa mzima, jina la gazeti na tarehe. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 iwekwe pia. Wakili wa serikali ataitumia kuonyesha kwamba wagonjwa wanalindwa, kwa hiyo heri ije pamoja na viapo vinavyoonyesha kwamba kwa ndugu yenu haikufanya kazi.

Makovu

Makovu anayo yeye, picha mnazo ninyi. Tafuta picha za zamani zinazoonyesha vifundo vya miguu na mikono kabla na baada. Piga picha ya mnyororo, nguzo au chumba, ukiweka rula au futi kamba kando ili ukubwa uonekane, na utume faili halisi la picha badala ya picha iliyopita WhatsApp, ambayo hubanwa na kupoteza taarifa za tarehe. Daktari wa huko ataupima upana wa kovu. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso, ya mwaka 1999 na kuhuishwa 2022, inampa ngazi za kueleza uhusiano wa kovu na simulizi, kuanzia "haliendani" hadi "haliwezi kusababishwa na kitu kingine". Akijua unene wa pete ya mnyororo anaweza kupanda ngazi moja.

Mambo ambayo wakili lazima ayajue mapema

Marekani ombi hutakiwa kuwasilishwa kwenye fomu I-589 ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia. Sheria ya Julai 2025 iliiwekea ada ya dola 100 fomu hiyo, iliyokuwa bure, na ada nyingine ya kila mwaka ombi linaposubiri. Aliyepitwa na mwaka hajafungiwa mlango moja kwa moja, kwa kuwa ugonjwa mkubwa na ulemavu wa akili vimetajwa kwenye kanuni kama hali za kipekee. Lazima ionyeshwe kwamba ugonjwa ndio uliomchelewesha, na kwamba alipopata nafuu hakuchelewa tena. Meseji zenu za kipindi hicho zinaweza kusaidia: jumbe za saa tisa usiku zisizoeleweka, au miezi mitatu ya kimya. Msizifute.

Mwambieni wakili kama aliwahi kurudi Tanzania kusalimia baada ya kuondoka, alikaa wapi na kwa nini hakuguswa. Mwambieni kuhusu kila kukamatwa, huku na huko, hata kama alikamatwa akiwa amechanganyikiwa. Mwambieni lipi mnaamini lilitokea na lipi lilikuwa la ugonjwa. Akisema jirani alimtumia fisi usiku, na pia kwamba jirani huyohuyo alimmwagia maji ya moto, msikatae yote wala msikubali yote. Semeni mlichokiona: ngozi iliyoungua.

Kama hawezi kufuatilia kesi, kuna utaratibu. Uamuzi wa Bodi ya Rufaa wa mwaka 2011 unamtaka hakimu akiona dalili apime kama mhusika anaelewa shauri, anaweza kushauriana na wakili na kutoa ushahidi. Asipoweza, ziwekwe kinga, kama kuahirisha, kumruhusu ndugu akae naye, au kufunga mlango kwa watu wa nje. Mgonjwa anayeficha dawa zake mahakamani ili "aonekane mzima" anajinyima kinga hizo.

Tena, msimhoji kwa simu usiku wa manane ili mpate "maelezo mazuri". Kumbukumbu za kipigo humrudisha mtu palepale. Akianza kuzungumza habari za kujiua, aliye Marekani apige 988, namba ya bure usiku na mchana, nanyi mumjulishe mtu aliye karibu naye.

Uingereza na Kanada

Uingereza, Mahakama ya Juu ya Uhamiaji na Hifadhi ilikubali mwaka 2020, katika kesi ya mtu wa Afghanistan, kwamba mwenye ugonjwa mkubwa wa akili anaweza kuwa katika kundi la kijamii. Kuna pia njia ya kifungu cha 3 cha Mkataba wa Haki za Binadamu wa Ulaya, kwa ambaye kurudishwa bila matibabu kungemsababishia kuzorota kwa kasi na mateso makali. Huko ushahidi wa upatikanaji wa dawa una uzito zaidi kuliko Marekani. Kanada ni kinyume chake: sheria yao ya uhamiaji, kifungu cha 97, inaitoa waziwazi hatari inayotokana na nchi kushindwa kutoa huduma za afya. Ukiandikia Kanada, elekeza nguvu kwenye waliomtendea na sababu yao.

Kutuma, na siku ya ushahidi

Skani kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, kila hati faili lake, na jina linaloeleweka: "kiapo_mama_2025", wala si "scan0043". Nakala halisi zitumwe kwa EMS au kampuni ya vifurushi, nawe ubaki na seti nzima. Mwambie anayepokea asitupe bahasha, kwa kuwa mhuri wa posta wa Mwanza ni ushahidi wa zilikotoka karatasi. Marekani, kesi isiyo ya mtu aliye kizuizini mara nyingi hutaka nyaraka ziwe mahakamani siku 30 kabla ya kusikilizwa, na tafsiri nayo inakula wiki, kwa hiyo miezi mitatu ya maandalizi si mingi.

Shahidi akiitwa kwa simu au video, hesabuni saa. Mwanza iko mbele ya New York kwa saa nane majira yao ya baridi na saa saba majira ya joto. Kikao cha saa 2:30 asubuhi huko wakati wa baridi ni saa 10:30 jioni huku, na cha saa 7 mchana ni saa 3 usiku. Kwa Los Angeles, hicho cha saa 7 mchana kitamkuta shahidi saa 6 usiku. Akae chumba chenye mlango, peke yake, kitambulisho mezani, simu imejaa chaji na vocha ya akiba, bila karatasi ya kusomea. Akiulizwa asilolijua, aseme halijui. Mkalimani akikosea, amwambie hakimu palepale, kabla swali linalofuata halijaulizwa.